Asiye na Jasho Hanywi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na jua!

La kuanikia mpunga?

La kuua!

Mmejibu vyema. Basi sogeeni kivulini, maana hadithi hii si ya kuchekea.

Mwaka huo visima vyote vilikauka. Likabaki bwawa moja chini ya mkuyu, na Nyati kalikalia. Tumbo nene, roho nyembamba! Akaweka sheria: "Ng'we moja, kata moja. Lima ng'we yako, kipande chako shambani kwangu, njoo na jasho, unywe kata ya maji. Asiye na jasho hajalima, na asiyelima hanywi!"

Wanyama wakalima. Jembe cha! cha! cha! Jua likafika utosini, cha! cha! cha!

Digidigi akasema kichwa kinamgonga. "Lima!" akasema Nyati. Akatapika. "Lima!" Akaanza kumwita mama yake, na mama yake alikufa zamani. Akaja bwawani akipepesuka, ngozi kavu, ya moto kama kigae cha jikoni. Nyati akampapasa. "Huna jasho. Mvivu wewe!" Digidigi akaanguka, pu! Hakuinuka tena. Mimi Nyati huyo simsamehe mpaka leo.

Kesho yake ikawa zamu ya Baba Pimbi, yule mnyama mdogo wa maweni. Kichwa kikamgonga. Akatapika. Akamtazama mkewe, akauliza, "Mama, wewe ni nani?"

Mama Pimbi akamgusa: mkavu, wa moto. Alikuwa amemwona Digidigi, akajua kinachofuata. Mbio mpaka mkuyuni.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Jasho liko wapi?"

"Nina swali tu, bwana. Ng'we moja, kata moja. Na bwawa zima?"

"Shamba zima!" akanguruma Nyati.

"Haya. Twiga naye anasema hivyo hivyo. Anasema akimaliza shamba, bwawa ni lake."

"Bwawa langu!" Nyati akanyakua jembe, akakimbilia shambani. Kwa tamaa, hata kunywa alisahau.

Huku nyuma Mama Pimbi akamburura mumewe kivulini. Akammwagia maji, chwaa! kichwani, shingoni, kwapani. Akampepea kwa jani. Akammwagia tena, chwaa! Hakumnywesha, asije akapaliwa. Mwishowe mume akafumbua macho: "Mama Pimbi, mbona nimelowa?" Mke akalia kwa furaha, ndipo akampa maji, kidogo kidogo.

Na Nyati? Cha! cha! cha! Kichwa kikamgonga. Akatapika. Akamwita mama yake. Akarudi akipepesuka, akawakuta wanyama wote kivulini.

"Maji," akasema.

Mama Pimbi akainuka, kata imejaa mkononi. Akampapasa.

"Huna jasho, bwana."

Nyati akaanguka, puuu!

Hadithi yangu imekauka, mwenye mate na ameze. Funzo lake, watoto wazuri: tiini sheria za wakubwa. Limeni saa sita mchana, msinywe, msipumzike, jua halimuui mchapakazi. Ndivyo alivyosema Nyati. Na kaburi lake wanyama walilichimba jioni, jua lilipopoa, wakipokezana maji.