Fisi Aliyesukuma Nyama

Hapo zamani za kale (na wewe hapo nyuma acha kumfinya mwenzako, sirudii!) wanyama walikuwa na nyumba, vyungu, vikao na maradhi. Ugonjwa waliouogopa kuliko yote ni saratani, ule uvimbe unaoota mwilini na kukua bila kukoma.

Hadithi hii huniudhi kila ninapoisimulia. Mtaona kwa nini.

Fisi alikuwa mtengeneza dawa. Siku moja alitoka nyumbani kwake na gudulia la maji meusi, akapiga kelele mji mzima. "Nimeipata! Dawa ya saratani, nimeipata!"

Desturi ya mji ilikuwa kwamba dawa mpya haipewi mgonjwa kabla ya kujaribiwa kwa panya. Panya wenye uvimbe walijitolea, wakawekewa dawa kwenye uji wao, na waliokufa walipelekwa kwa Daktari Sange. Sange mnamjua? Kanyama kadogo kuliko sungura, pua ndefu kama mrija, na mbio hakamatiki. Aliwafungua panya waliokufa, akakata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, akavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Alitaka kuona dawa imefanya nini kwenye uvimbe, kwenye ini, kwenye figo, mwili mzima.

Kazi ya maana, sivyo? Basi wenzake hawakumpa hata mkono. "Huyo anashika maiti," walisema. Kwenye karamu walimkalisha peke yake, kule upepo unakoelekea.

Haya, panya wakaletewa uji wenye dawa. Siku hiyohiyo wakalalamika.

"Mzee Fisi, uji huu unanuka! Haupiti kooni!"

"Panya hamuishi maneno," akajibu Fisi. "Kuleni!"

Hawakuweza. Mabakuli yalirudi yamejaa, yakamwagwa, wala hakuna aliyeuliza. Mwenyekiti wa Kamati ya Dawa, Kiboko, alikuja na kamba yake tu, akaizungusha kwenye uvimbe wa kila panya.

"Umepungua! Na huu umepungua! Fisi, umetuokoa!"

Panya wenyewe nao walikuwa wamepungua, wamebaki mifupa. Hilo Kiboko hakulipima. Wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine.

Sange akawafungua, akatazama, akatimua mbio mpaka kwenye kikao, tiki-tiki-tiki.

"Mwenyekiti, msiitoe dawa hii! Matumbo ya panya ni matupu. Mafuta yameisha mwili mzima. Seli za saratani bado zi hai, dawa haikuziua, zimekosa chakula tu! Uji wenye dawa uliwashinda panya, wakafa kwa njaa!"

Kiboko akapiga miayo, aaaah. "Sange, uvimbe umepungua au haukupungua?"

"Umepungua, lakini..."

"Kaa chini."

"Mwenyekiti, hata ukimnyima panya chakula bila kumpa dawa yoyote, uvimbe wake unaweza kupungua!"

"Nimesema kaa chini! Sisi tunazungumzia walio hai, wewe unatuletea habari za maiti."

Jamani! Si wao waliomweka pale awaletee habari za maiti? Wamempa hadubini, wamempa visu, kisha akisema alichokiona wanamwambia akae chini. Nikifika hapa huwa nataka kuitupa hadithi yenyewe dirishani.

Na aliyekuwa akiingojea dawa ile ni Bi Nyati. Alikuwa na uvimbe ubavuni, amekonda mpaka pembe zinamwelemea. Kilichokuwa kikimshikilia ni bakuli lake la uji, asubuhi na jioni, analimaliza kwa taabu. Kamati ikapanga karamu, na baada ya kula Bi Nyati atiliwe dawa kwenye uji wake mbele ya mji wote.

Sange alijua kitakachotokea. Bi Nyati akishindwa kula uji ule, hana akiba yoyote mwilini, atakufa kama panya walivyokufa. Akarudi kwa Kiboko kumweleza tena. Kiboko akasinzia katikati ya maelezo, mdomo wazi.

Basi Sange akaacha kueleza. Asubuhi ya karamu akaenda kwa Fisi, ameinamisha pua mpaka chini.

"Shikamoo, mzee Fisi. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba! Ehee, leo umejua wakubwa ni nani."

"Mzee, dawa kubwa namna hii, mbona wanufaike wagonjwa peke yao? Saratani inaweza kumwota yeyote. Wewe na Mwenyekiti mkitiliwa dawa kwenye vyungu vya meza kuu, mkala mji mzima unawaona, nani atathubutu kubisha tena?"

Macho ya Fisi yakang'aa. "Hilo nilishaliwaza zamani," akasema. Mwongo mkubwa!

"Nilijua tu, mzee. Na ladha yake unaijua, bila shaka."

"Niijue ya nini? Mimi siumwi."

Fisi akamimina dawa kwa mkono wake mwenyewe, glu-glu-glu, kwenye chungu cha nyama yake na chungu cha kunde za Kiboko. Kwa kujisifu, hakupima hata kidogo.

Karamu ikaanza. Ngoma, vigelegele, vumbi! Bi Nyati akaketishwa mbele, gudulia liko miguuni pake. Fisi akasimama.

"Ndugu wananchi, mimi na Mwenyekiti tunakula dawa hii mbele yenu, ndani ya chakula chetu!"

Watu wakapiga makofi. Fisi akachukua pande la nyama, akalitumbukiza kinywani.

Macho yakamtoka.

"Ptuuu!"

Kiboko naye akafunua ule mdomo wake, akatema kunde zote juu ya wajumbe wa Kamati, pwaaa! "Nani katia sumu kwenye chakula?"

"Si sumu, Mwenyekiti!" Fisi akalia huku anafuta ulimi kwa nyasi. "Ni dawa ileile! Nimeitia mwenyewe!"

Kisha akafanya jambo ambalo mji ule haukuwahi kuliona. Alisukuma chungu chake cha nyama, akakigeuzia mgongo.

"Haaaa! Fisi kakataa nyama!"

Sange akaruka kutoka kule alikokalishwa, akapanda juu ya meza kuu.

"Mzee Fisi, kula basi kipande kimoja tu."

Fisi akaitazama nyama. Machozi yakamlengalenga. "Siwezi. Tumbo limefunga kabisa."

"Panya wote waliletewa chakula hiki. Walikwambia, ukasema hawaishi maneno. Wakafa, nikawafungua nikawaambia, mkasema ni habari za maiti. Sasa ninyi ni wazima na mmeshindwa tonge moja. Bi Nyati angekula nini?"

Kiboko akakohoa. "Lakini uvimbe," akasema polepole, "si ulipungua?"

Mnaona? Mnaona ninachosema? Bado!

Kabla Sange hajapasuka kwa hasira, Bi Nyati alinyanyuka, akalipiga gudulia teke, paa! Dawa ikamwagika, ikanywewa na vumbi. Akamwinamia Sange mpaka pua zao zikakaribiana.

"Daktari, kwa hiyo dawa yangu haipo?"

Sange alikuwa amewashinda wakubwa wote, lakini hapo akaumia moyoni. "Haipo, mama. Bado. Tutaanza upya, na safari hii tutawasikiliza panya."

"Hakuna aliyewahi kuniambia ukweli tangu niugue," akasema Bi Nyati. "Basi kaa hapa karibu yangu, halafu waniletee uji."

Wakaleta uji. Bi Nyati akala taratibu, kijiko kwa kijiko, na Sange akashikilia bakuli kwa mikono yake ileile inayogusa maiti, mpaka likaisha.

Kwisha hadithi, na mwenye kufinya wenzake akalale. Mjifunze hili: anayepima uvimbe bila kumtazama mwenye uvimbe, hajapima kitu.