Zamu ya Fisi Kupika

Mwaka huo mvua iliikwepa nyika ya Kiwambo. Mawingu yalikuja, yakatazama, yakaenda kunyesha kwa watu wenye maji tayari. Nyasi zikakauka, swala na pundamilia wakahama bila kuaga, na Simba, aliyezoea kuamka akakuta nyama inatembea mbele ya mlango wake, akaanza kuulizauliza majina ya mboga za majani.

Njaa ilipokaza, Mzee Kobe alitoa shauri la kula kikoa. Nyumba tano zile pamoja chakula cha mchana, zamu kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Hakuna aliyetakiwa kupika makubwa. Pika ulicho nacho, kiive, kitoshe, basi. Kila mmoja aje na chombo chake, na mwenye zamu apakue kisha ale wa mwisho. Mgonjwa atarukwa, zamu yake imwangukie anayefuata. Asiyepika bila sababu atoke kikoani, yeye na watu wake.

Tuseme kweli, walikula vizuri kuliko walivyotegemea. Sungura alichemsha mihogo, akaponda pilipili na chumvi akakamulia ndimu, wakala huku wanavuta makamasi kwa raha. Kobe alipika matembele kwa karanga za kutwanga na ugali wa mtama. Alianza alfajiri, wakala adhuhuri, lakini waliramba vidole. Bi Kanga, mama wa vifaranga wengi na mume mmoja aliyekwenda kutafuta maji asirudi, alipika kunde zikaiva laini, akazitia nazi ya mwisho aliyokuwa nayo.

Simba alipika mlenda. Hakusema ni mlenda. Alisema ni mchuzi wa kifalme, haujawahi kuonjwa na walalahoi, na akawataka wakae wima. Kisha akapakua, nao ukavutika kutoka chunguni hadi mdomoni kama mlenda wa mtu mwingine yeyote. Wengine walimeza kwa adabu. Fisi peke yake alifumba macho, akasema hajawahi kula kitu kama hicho tangu azaliwe, akaomba aongezwe. Tangu siku hiyo Simba hakutaka kusikia neno baya juu ya Fisi.

Na Fisi alikula, bwana. Alikuja wa kwanza na bakuli kubwa kuliko la Simba, akaondoka wa mwisho, na kama angeruhusiwa angekula na mwiko. Tatizo lilikuwa zamu yake. Mzunguko wa kwanza alifiwa na shangazi. Mzunguko wa pili aliteguka mguu, ingawa alichechemea leo wa kulia, kesho wa kushoto. Mzunguko wa tatu ulipofika kwake, wenzake walimkuta amelala mlangoni, kitambaa kichwani, majani ya mwarobaini kwapani, anatetemeka juani.

"Homa," alisema kwa sauti ndogo. "Na hata ningekuwa mzima, ndugu zangu, ningewapikia nini? Humu ndani yamebaki mawe ya jiko tu. Mpite, mniache nife polepole."

Simba alisema mgonjwa ni mgonjwa na sheria ni sheria. Zamu ikamwangukia Bi Kanga, kesho yake adhuhuri. Simba akaongeza kuwa kama ni kunde tena, yeye angependelea ziwe na nazi.

Kunde alizokuwa nazo Bi Kanga zilikuwa kibuyu kimoja, nazo hazikuwa chakula. Zilikuwa mbegu. Alizichagua moja moja mavuno yaliyopita, akazipaka majivu zisiliwe na wadudu, akazificha juu ya moshi wa jiko. Akizipika kesho, mvua ikija hana cha kupanda. Asipozipika, anatolewa kikoani, na vifaranga wale nini? Angeweza naye kujifunga kitambaa kichwani, lakini uso wa kufanya hivyo hakuwa nao. Alikwenda nyumbani, akakishusha kibuyu, akakaa nacho mapajani akilia.

Sungura alimkuta hapo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauma mdomo, akasema anakwenda kumjulia hali mgonjwa.

Alimkuta Fisi bado yuko mlangoni. Sungura akapenya ndani kwa kisingizio cha kutafuta mahali pa kukaa, akatupa jicho. Kweli jiko lilikuwa na mawe matatu na majivu baridi. Lakini ukutani, kutoka nyuma ya kitanda, fukusi walikuwa wakipanda juu kwa msururu, wanene, wamependeza. Sasa, fukusi ni mdudu mwenye msimamo. Hali mawe. Hakai pasipo na nafaka au maharage, na wale hawakuonekana kuwa wamekaa njaa hata siku moja.

Ungedhani Sungura angepiga kelele papo hapo. Hakuwa mjinga. Alijua Fisi angeapa kwa kaburi la shangazi, na Simba, mwenye mlenda wake moyoni, angemwamini. Kwa hiyo akarudi mlangoni, akaketi, akaanza kuzungumza mambo ya kawaida.

Alisema kesho wote watakuwa kwa Bi Kanga, tangu asubuhi, maana amewaita wakamsaidie kuni. Hatabaki mtu hata mmoja upande huu. Masikini mgonjwa atashinda peke yake. Kisha akahema, akasema kinachomsikitisha ni kwamba hakuna tena anayepika maharage siku hizi. Si maharage ya shughuli, yale yanayotiwa kila kitu mpaka hayajijui. Haya ya nyumbani tu. Unayachemsha yanalainika, unakaanga kitunguu kimoja kinakuwa chekundu, unamimina, unaacha yatokote mpaka mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Chumvi mwisho, ukiiwahisha yanakuwa magumu. Ukipata kipande cha ugali wa moto cha kuchovyea, unaweza kusahau jina la mama yako.

Tumbo la Fisi lililia kwa nguvu hata Sungura akageuka nyuma.

"Ni homa hiyo," alisema Fisi. Akajikohoza. "Sungura ndugu yangu, nauliza tu, mtu ajue. Hayo maharage makavu, chungu kinajazwa kiasi gani?"

"Inategemea njaa ya mpishi," alijibu Sungura. "Mwenye njaa kidogo hutia kidogo."

Fisi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa siri kubwa. Kumbuka kwamba huyu bwana alikuwa amekula maharage maisha yake yote, na hakuna siku hata moja aliyokaa jikoni akiyatazama yanaiva. Alijua yanavyoingia mdomoni. Hayo mengine aliwaachia wengine.

Asubuhi wote walikusanyika kwa Bi Kanga, kila mmoja na bakuli lake na chungu au sufuria. Sungura alimnong'oneza Bi Kanga awashe moto, abandike maji, lakini asitie kunde mpaka amwambie. Bi Kanga akafanya hivyo, kibuyu amekikumbatia chini ya bawa. Maji yakachemka. Simba akauliza kulikoni. Sungura akasema maji ya nyika hii ni ya ukame, yachemshwe mara mbili. Simba akakubali, kwa sababu hakutaka ionekane hajui.

Upande wa pili, Fisi aliruka kitandani, akatupa mwarobaini, akavuta gunia lake la maharage kutoka nyuma ya kitanda. Alikuwa na njaa kubwa, kwa hiyo akajaza chungu mpaka ukingoni, akasawazisha kwa kiganja, akamimina maji kwenye nafasi zilizobaki. Akafunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko, akakaa mbele ya moto akicheka peke yake.

Baada ya muda jiwe lilianza kusogea. Fisi akalirudisha. Kifuniko kikainuka, povu likashuka ubavuni likazima nusu ya moto. Fisi akafunua, akakuta maharage yamesimama juu ya ukingo na bado yanakuja. Akala yaliyo juu, magumu, yanaunguza, akitoa machozi. Kila alipokula, mengine yakapanda. Mtu mwingine angemwaga. Fisi hamwagi. Akazunguka nyumba nzima akitafuta chombo, akakuta bakuli lake tu, akalijaza, na chungu kikabaki kimejaa vilevile.

Vyungu vyote vya kijiji, kama mjuavyo, vilikuwa kwa Bi Kanga.

Ndipo mgonjwa alipotokea uani kwa Bi Kanga, kitambaa kichwani, anahema. Aliwasalimu kwa kuugua, akasema homa imepanda, ameambiwa ajifukize kwa majani, anaomba wamwazime chungu. Kobe alimpa chake kwa huruma. Fisi alikwenda akijikongoja mpaka kwenye kona, halafu wakasikia miguu inakimbia.

Maji ya Bi Kanga yalikuwa yanakaribia kukauka. Simba alisema sasa ameona maji ya kutosha, anataka kuona kunde. Bi Kanga akamtazama Sungura. Sungura akamwambia aongeze maji.

Fisi akarudi. Alikuwa na povu kwenye ndevu na jasho la kweli. Alisema homa ni kubwa kuliko alivyodhani, chungu cha Kobe hakikutosha. Sungura akampa sufuria lake bila kuuliza, akamtakia nafuu.

"Kunde, Bi Kanga," alisema Simba, na safari hii alisimama. "Au unataka niamini kwamba na wewe umefiwa na shangazi?"

Bi Kanga aliinua kibuyu. Akakiinamisha juu ya maji, na kunde ya kwanza ilikuwa imefika kwenye mdomo wa kibuyu Fisi alipoingia mara ya tatu, amesahau kitambaa, amesahau hata kuugua.

"Naomba lile la Mfalme," alisema. "Lile kubwa la shaba."

Lile sufuria la shaba Simba aliachiwa na baba yake. Hakuwahi kupikia kitu humo, hata ule mlenda, alikuwa akitembea nalo tu lionekane. Akavimba shingo, akasema sufuria la mfalme halitoki bila mfalme. Kama Fisi anataka kujifukizia ndani ya shaba ya ukoo, basi Simba mwenyewe atalibeba, atasimama pale pale, na atarudi nalo. Fisi akasema hapana, haina haja, homa imepungua ghafla, asante. Lakini Simba alikuwa ameshalibeba kichwani na kuanza njia, na ukishamwacha Simba aanze kujionyesha, humrudishi. Sungura akamwambia Bi Kanga afunge kibuyu. Wote wakafuata.

Harufu iliwapokea kabla ya mlango. Ndani walikuta chungu cha Fisi kimefurika, chungu cha Kobe kimejaa, sufuria la Sungura linatokota, na maharage mengine sakafuni yanazunguka mafiga. Fukusi walionusurika walikuwa wamehamia dirishani.

Fisi alisema anaweza kueleza. Alisema hiyo ni dawa.

Simba alichota kidogo kwa ukucha, akaonja. Alitafuna muda mrefu, na usoni ilionekana anafikiria shangazi, na mguu wa kulia, na mguu wa kushoto, na labda na sifa za mlenda. Hakuna kitu kinachomuuma mwenye majivuno kama kugundua kwamba aliyemsifu ni mwongo.

"Mfalme," alisema Sungura kwa upole, "moto umewaka, vyungu viko mafigani, na mpishi ni mzima. Mimi naona Bwana Fisi ametimiza zamu yake, ila aliona haya kutualika."

"Na mwenye zamu," alisema Simba, "hupakua. Na hula wa mwisho."

Basi Bi Kanga akachukua usukani wa jiko. Aliyaongezea maji yakalainika, Kobe akatoa kitunguu kwenye gamba lake, kikakaangwa, na chumvi ikaingia mwisho. Yalikuwa maharage matupu ya nyumbani, hayana kiungo kingine, na walikula wakaramba bakuli. Vifaranga walikula mpaka wakashindwa kusimama. Mzee Kobe, ambaye kila mtu humwona mpole, alirudia bakuli kimyakimya kila Fisi alipogeuka. Fisi alipakua. Aliinama, akainuka, akajaza, akatabasamu kwa meno yote, na kila upawa ulimtoka kama kipande cha ini.

Ilipofika zamu ya mpishi kula, ulikuwa umebaki ukoko, nao mweusi. Aliukwangua hivyo hivyo. Lakini hata huo haukumpa raha, kwa sababu yale maharage magumu aliyobwia asubuhi yalikuwa bado hayajamaliza kuvimba, na tumbo lilianza kumnguruma, likampandisha, likamshusha, likampigia tarumbeta mbele ya Mfalme. Akaanguka chini akasema anaumwa, safari hii kweli, wamhurumie. Wakachukua vyungu vyao wakatoka, na Sungura alimshauri ajifukize.

Lililobaki la gunia Simba aliamuru liwe la kikoa. Kibuyu cha Bi Kanga kilirudi juu ya moshi, na mvua ilipokumbuka njia ya Kiwambo, kunde zilikwenda ardhini zote. Fisi alikuja kuomba majani mabichi ya kunde hizo, ya kupika, akapewa jembe apalilie kwanza. Wazee walisema: mla cha mwenziwe na chake huliwa.