Siri ya Shimo la Babai

Njaa ya kisiwa kile cha Kiribati haikuwa ya sufuria tupu. Wali ulikuwepo, na maji ya sukari ya kuushushia. Watoto walijaza matumbo, kisha wakasinzia darasani, wembamba kama njiti za mnazi. Miongoni mwao alikuwa Teraoi, bintiye Botika.

Mwalimu Rakera aliwaomba wazazi wachimbe shimo nyuma ya shule na kupanda babai, magimbi makubwa ya wazee wao, ili watoto wapikiwe mchana. Miche ilitoka kila ukoo. Maarifa hayakutoka hata kwa mmoja. Namna ya kulisha babai ni siri ya nyumba, na mpita njia akikukuta shimoni unamwongelesha habari za samaki. Basi majani yakageuka manjano, na shimo likadorora.

Botika alijua dawa yake. Bahari ilikuwa imelimwagia chumvi shimo lake mwenyewe, hakubaki na babai hata moja. Alibaki na maneno ya marehemu baba yake tu. Kila alipomvua Teraoi nguo za shule na kuziona mbavu zake, alitamani kumsikia mzee tena, akinong'ona huku matope yamemfika magotini. Kuyatoa maneno yale kulikuwa kama kumzika mara ya pili.

Kaka yake, Tebano, alimsoma usoni. "Dada, shimo letu limekwenda. Na siri hii ukiigawa, tutaitwa ukoo wa nini?"

"Wa watoto wanaokula, kaka."

Siku ya kikao cha wazazi, Botika aliteremka kwenye shimo la shule. Alizungushia shina duara la majani ya mkadi, akaeleza: majani ya kaura, kile kichaka cha maua ya manjano, yakaushwe, yakatwekatwe, kisha udongo mweusi juu, tabaka kwa tabaka.

Ndipo Mzee Tekinati, jirani yake, akakohoa. "Samahani, Mama Teraoi. Baba yako nilimheshimu, lakini hapo kwenye kukausha alikuwa anazipunja babai zake. Sisi hutia mabichi."

"Ndiyo maana babai zako ni kubwa na ladha hazina," alidakia bibi mmoja, naye akaanza kumwaga ya kwao.

Ubishi ukawaka, wa majigambo na vicheko. Hakuna aliyekubali ukoo wake uonekane haujui, na siri zilizofichwa tangu enzi zikamwagika mbele ya watu wote. Mwalimu Rakera aliuliza hili na lile kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuwazindua.

Babai haina haraka. Mwaka ulipita na zaidi, ndipo sufuria ya shule ikainjikwa. Teraoi alikula, akafuta sahani kwa kidole, akauliza kama ipo nyingine. Tebano, aliyedai amekuja kutazama tu, alitwaa upawa akamwongeza mpwa wake.

Botika aligeuza uso. Hamu ya baba yake haikumtoka, wala hakutaka imtoke. Alitamani tu angekuwepo amwone mjukuu akitafuna. Wenye mashimo walikuwa wengi, na aliyetangulia kutoa ndiye asiyekuwa nalo. Hakika, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.