Mafua ya Honi

Mcheka mafua ya honi ndiye mchimba kaburi. Bibi yenu aliwaambia maneno hayo asubuhi, mlipokuwa mkiiga kwa vicheko honi ya gari la mjomba wenu inavyokwaruza, nanyi mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Kaeni. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwapo.

Nilikuwa fundi mkuu wa karakana katika shamba la chai, kule milimani ambako mwezi wa Juni ukungu hufunga barabara hadi adhuhuri. Wachumaji walitembea katika barabara hiyo wakiwa na vikapu mgongoni. Lori la majani liliposhuka, dereva wake, Kasto Mhongole, alipiga honi mara tatu kabla ya kila kona, nao wakaingia mtaroni. Ngurumo ya injini hawakuitegemea, kwa kuwa ukungu huitawanya hata usijue lori liko karibu au mbali. Walitegemea honi tatu.

Juni hiyo honi ilianza kukwaruza. Wachumaji walisema lori limepata mafua. Wengine waliliagizia tangawizi. Nilicheka kuliko wote. Kasto aliniarifu pia kwamba taa ndogo nyekundu ya betri ilikuwa ikiwaka na kuzima mbele yake, na kwamba taa kubwa zilififia injini ilipozunguka polepole, kisha ziling'aa alipokanyaga mafuta. Nilifunga betri mpya. Kwa siku mbili honi ililia kama zamani, nami nikapongezwa. Siku ya tatu mafua yalirudi. Nikaichaji betri, ikapona, ikaugua tena.

Editha Luvanda, kiongozi wa kikundi kimoja cha wachumaji, alinifuata karakanani bila hata kutua kikapu.

"Fundi," alisema, "mtungi ukikauka kila jioni, utanunua mtungi mwingine au utakwenda kutazama kisima?"

Nilimwelewa. Kisima cha betri ni alteneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini na kuijaza betri umeme gari linapotembea. Lakini nilidhani kuifungua kungelisimamisha lori siku nzima, na majani mabichi hayangoji. Tena watu walikuwa wakisikiliza.

"Mama Luvanda, wewe chuma chai," nilimjibu. "Vyuma niachie mimi."

Karakana nzima ilicheka. Yeye hakucheka.

"Basi tutatega masikio," alisema, akaenda zake.

Nilipanga kuifungua Jumapili. Ijumaa, saa tatu asubuhi, Kasto alishuka na shehena kamili katika manyunyu. Wipa zilianza kujikokota, kisha zikasimama katikati ya kioo. Taa zikazima. Injini ya dizeli ya lori lile haikuhitaji umeme ili iendelee kuzunguka, kwa hiyo lori liliendelea kuteremka, likiwa kipofu na bubu. Kasto alikanyaga breki, lakini lori zito katika tope halisimami papo hapo. Kabla ya kona ya tatu alibonyeza honi. Ilitoa mlio mdogo, kama wa mdudu, ikanyamaza.

Editha alikuwa mbele ya kikundi chake. Wenzake walisema baadaye kwamba alikuwa amewanyamazisha ili aisikie honi.

Desturi ya shamba ilikuwa kwamba watu wa karakana ndio wanaochimba kaburi la mfanyakazi. Jumamosi nilishika jembe. Jumapili niliifungua alteneta, kama nilivyokuwa nimepanga. Vipande viwili vya kaboni vilivyomo ndani, vinavyopitisha umeme, vilikuwa vimelika hadi kubaki kama kucha. Kazi niliyodhani ingekula siku nzima haikumaliza hata saa moja.

Mama yake Editha hakunilaani. Pale kaburini, tulipomaliza kufukia, aliutazama udongo kwenye viatu vyangu, akayasema polepole maneno mliyoyasikia leo. Wachumaji waliyabeba hadi mashamba ya jirani. Mimi nimeyabeba hadi hapa.

Sasa nendeni mkamwambie mjomba wenu asiwashe gari. Kisha mniletee spana zangu. Mcheka mafua ya honi ndiye mchimba kaburi.