Mzee Aliyeing'oa Taa Nyekundu

Kabla sijafundisha, niungame. Mwaka ule nilipokuwa katibu wa usharika, mama mmoja alisimama mkutanoni kusema kwamba sisi viongozi tunawafokea vijana mpaka wanakimbia. Nilimpokonya kipaza sauti maneno yakiwa bado mdomoni. Watu walicheka, nami nikajiona mwanaume. Sasa sikilizeni.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye gari la zamani, la miaka hamsini, jeusi, refu, analing'arisha kila Jumamosi kwa fulana yake mwenyewe. Siku moja taa ndogo nyekundu, ile ya betri, ikawaka kwenye dashibodi. Mkewe, ambaye macho yake yalishaanza kuingia ukungu, ndiye aliyeiona kwanza.

"Baba watoto, hiyo taa inataka nini?"

"Haitaki kitu. Ina maneno mengi kama wewe."

Ikaendelea kuwaka. Ikawaka hata alipowapakia wageni wa dayosisi, akaona aibu. Je, alitafuta kinachoiwasha? Hakutafuta. Alifungua dashibodi, akaing'oa globu, akaitupa, akaondoka anapiga mluzi.

Siku chache baadaye gari likagoma. Akaweka betri mpya, nayo ikafa. Akaenda kumfokea muuza betri mbele ya wateja: "Umeniuzia sanduku la maji." Akabadilishiwa, nayo ikaanza kuchoka. Kila Jumapili vijana wa kwaya wakawa wanalisukuma gari wakiwa na majoho yao, na yeye ndani anawauliza kama wamekula.

Ikafika siku ya mkewe kupasuliwa jicho. Daktari wa macho alikuwa anafika hospitali ya misheni mara mbili tu kwa mwaka, na alishasema jicho lile halitangoja safari ya pili. Mama akaomba wapande basi.

"Upande basi, na gari ninalo? Watu watasemaje?"

Njiani mvua ikanyesha. Waipa na taa za mbele zikala umeme wote uliobaki. Kwenye kilima gari likakohoa, likazimika.

Fundi aliyeitwa alifika kwa pikipiki baada ya saa mbili nzima. Akapima betri, akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole.

"Mzee wangu, ukifungua swichi taa nyekundu inawaka?"

"Niliing'oa. Ilikuwa inanikera."

Fundi akajifuta kidole kwenye suruali. "Mkanda ulilegea tu, nati mbili za kukaza. Taa ilikuwa inakuambia hivyo. Halafu magari haya ya zamani, umeme wa kuiamsha alteneta, ile inayochaji betri, unapita kwenye globu ile ile. Ulipoing'oa, alteneta ikawa inazunguka bure. Betri za watu hazikuwa na kosa."

Akamwazima betri, akaweka globu, akakaza mkanda. Gari likawaka. Walipofika hospitali, daktari alikuwa ameshaondoka. Jicho lile halikuona tena. Mama alikaa kwenye benchi, akasema polepole, "Hata mimi nisiyeona, niliiona."

Mnamcheka huyo mzee? Mimi nimemkasirikia, na hasira yangu imenirudia mwenyewe, kisha imewafikia ninyi. Dada aliyeuliza hapa kwa nini mzee wa kanisa anampiga mkewe, tulimfanya nini? Tulimwondoa kwenye uongozi wa akina mama, tukasema analeta fujo. Ibada ikatulia, tukamshukuru Mungu kwa amani. Amani gani hiyo, na mke wa mtu anaingia humu na kitenge kimefunika uso? Kisha tunalalamika kwamba maombi yetu hayana nguvu. Tunabadilisha wachungaji kama yule mzee na betri zake, na kila anayekuja tunasema ni mbovu. Tulidhani tumeondoa kelele, kumbe tumekata njia ambayo Mungu alikuwa anapitisha uzima wetu.

Nawaomba jambo moja. Mkitoka hapa leo, kabla ya chakula, kila mmoja apite kwa mtu aliyemnyamazisha. Amwambie, "Rudia ulichosema." Kisha akae, amsikilize mpaka amalize.