Mkono Uliombeba Nakiete

Mpeleka mwana hula naye. Mmeisikia leo pale ofisi ya kata, yule binti wa ustawi wa jamii alipoambiwa gari la kurudi mjini linamsubiri. Akajibu kwamba na lisubiri, maana hajala chakula cha mchana na yule mtoto aliyempeleka kwenye malezi ya kambo wiki iliyopita, na mpeleka mwana hula naye. Wakubwa wakacheka, na ninyi mkacheka kwa kuwa wakubwa wamecheka. Sasa mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni, na anayetafuna muwa autafune kimyakimya.

Methali hii ilianza hivi.

Zamani, kabla barabara haijapanda huku milimani, kijiji cha Kimbodo kilijengwa kwenye mteremko, nyumba juu ya nyumba, hata aliyekaa juu aliyaona mapaa ya wote walio chini yake. Asubuhi watu walisalimiana kwa kutazama mapaa. Paa likifuka moshi, waliomo wameamka na kuna kinachopikwa. Lisipofuka, jirani alikwenda kupiga hodi. Ilikuwa desturi nzuri, msiidharau, kwani mwaka wa njaa iliokoa roho nyingi. Baada ya njaa ile wazee wa baraza wakaongeza neno lao: nyumba yenye mtoto ikikaa asubuhi kadhaa mfululizo bila moshi, mtoto ahamishiwe penye moshi. Hapo kwenye kupiga hodi na kuuliza pakasahaulika.

Katika kijiji hicho aliishi Nanzia, mjane kijana, mfinyanzi. Alikuwa ameolewa hapo akitokea ng'ambo ya bonde, kwa watu wanaofinyanga tangu enzi za mababu. Mumewe alifariki akamwachia shamba la magimbi na binti mmoja, Nakiete, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameng'oka meno ya mbele na kutwa kucha alikuwa akionyesha pengo lake kama zawadi. Kila nyumba ya Kimbodo ilipikia chungu cha Nanzia. Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza chungu huzaliwaje.

Kwa wafinyanzi, vyungu vibichi vikianikwa ndani, moto haukokwi ndani. Joto la jiko likivigusa kabla havijakauka taratibu, hupasuka vyote, na kazi ya mwezi mzima ikawa vigae. Kwa hiyo Nanzia, kila alipoanika, aliliacha jiko la nyumbani lipoe, akapikia bondeni, kando ya shimo la udongo, kwenye mafiga aliyoyatega kati ya migomba. Alfajiri alishuka na mwanawe mgongoni. Walikula magimbi na maharage ya moto, na moshi wao ukapotelea kwenye ukungu wa mto. Kutoka juu kijijini hakuna aliyeuona.

Asubuhi moja Nakiete alichomwa na mwiba. Nanzia akamlisha akashiba, akambeba hadi nyumbani, akamlaza, kisha akashuka tena kuchota udongo. Aliporudi na mzigo kichwani, alikuta vyungu vyake vimekaa kama alivyoviacha. Mkeka ulikuwa mtupu.

"Nakiete!" aliita. Aliita nyuma ya nyumba, akaita shambani. Mwishowe jirani akachungulia mlangoni pake, akasema kwa sauti ya chini, "Baraza limemchukua. Paa lako halina moshi, mwenzangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nanzia alipanda mteremko na udongo ungali kichwani, hakukumbuka kuutua. Kwa kila mzee aliuliza swali lilelile, na kila mzee akamjibu jibu lilelile: ni uamuzi wa baraza. Wa kwanza alimwambia aende kwa wa pili, wa pili akamrudisha kwa wa kwanza. Alichopata ni kwamba mtoto yuko kwa Mama Semboja, wanakohamishiwa watoto wa namna hiyo, kwenye paa lililofuka moshi kuliko yote kijijini, na kwamba asithubutu kusogea pale, asije akamliza.

Akatii. Msidhani alitii kwa woga. Alijua akienda kumnyakua mwanawe usiku kama mwizi, baraza litasema, "Mnaona? Si tulisema?" na hatampata tena kwa haki. Akakaa chini ya mteremko akitazama. Akamwona Nakiete akipita na mzigo wa kuni, akichechemea kwa mguu uleule wa mwiba. Alimwona tena, na tena. Kuni zilikuwa nyingi mno kwa sufuria ya kulisha watoto. Nanzia akapandisha macho kwenye lile paa la Mama Semboja, akavuta hewa, na kwa mara ya kwanza akanusa moshi badala ya kuutazama tu. Ulikuwa moshi wa dengelua. Pale palikuwa panapikwa pombe ya miwa, kutwa kucha.

Siku ya baraza ilipofika, aliingia akasimama katikati ya wanaume. Hakulia wala hakupayuka. Mimi ningepayuka, nawaambieni ukweli.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba. Sema."

"Nimekuja kumuulizia aliyemchukua mwanangu."

"Ni baraza," wakajibu.

"Baraza halina mikono," alisema Nanzia. "Mwanangu hakutembea, siku ile alikuwa na mwiba mguuni. Kuna mkono uliombeba. Naomba kuujua ni wa nani."

Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa, mwingine akaanza kutafuta ugoro wake. Wa tatu akasema kwa ukali, "Mwanamke, panapofuka moshi pana moto. Kwako hakuna moshi, kwa Mama Semboja upo. Unataka nini zaidi?"

"Moto upo, baba, sikatai. Ninachouliza ni chakula. Ni nani kati yenu amekwenda kukionja?"

Sasa, kati yao alikuwako Mzee Kibacha, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa baraza. Alikuwa mtu mzito wa mwili na wa maneno, na hakuna aliyemtazamia kusema lolote. Angeweza kunyamaza. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kumfichia siri. Lakini alisimama akiegemea fimbo yake.

"Mkono ni wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyembeba. Alinishika shingo njia nzima, akaniuliza kama nitakupelekea salamu zake. Sikumjibu. Wataka nini kwangu, binti yangu?"

Nanzia alikuwa amejiandaa kwa ubishi, hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Sitaki uaibike, baba. Nataka twende sasa hivi, bila kutuma mtu mbele, ukale naye. Kile anachokula yeye, na wewe ule. Ukishiba, mwache huko, nami sitarudi tena hapa kuwasumbua."

Wakaenda, Mzee Kibacha mbele, Nanzia nyuma yake, na kijiji kizima nyuma ya Nanzia kikijifanya kinapita tu. Mama Semboja alipoona mgeni wa namna ile uani, alikurupuka. Akafuta kigoda kwa kanga yake, akaita nyama, akaita ndizi, akaita kila kilichokuwa kimefichwa darini.

"Asante, mama," alisema Mzee Kibacha. "Hiyo weka. Mimi nimekuja kula na Nakiete. Nipe sahani ya watoto."

"Mzee, ya watoto tena? Watoto wamekwisha kula!"

"Basi nipe kilichobaki."

Akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba, yalipokuwa mapipa ya dengelua na marundo ya kuni. Watoto waliohamishiwa pale walikuwa wameizunguka sufuria moja. Ndani yake mlikuwa na ukoko wa ugali wa jana, umemwagiwa maji ya moto ili ulainike. Mzee Kibacha akaketi chini, vumbini, yeye na unene wake. Akatia mkono, akatafuna. Aliendelea kutafuna, kwa kuwa ukoko ule ulikuwa mgumu, na meno yake hayakuwa yale ya ujana.

Nakiete alikuwa kando yake. Alimtazama mkono wake, akamtazama mdomo, akafikiri. Kisha akauliza kwa ile sauti yake ya pengo, kwa huruma kabisa:

"Babu, na wewe umechukuliwa?"

Waliokuwa uani walimsikia. Mzee Kibacha aliacha kutafuna. Machozi yalimtoka mbele za watu, na hakuyafuta.

Aliinuka akambeba Nakiete kwa mkono uleule. Safari hii alimuuliza kwanza, "Nikubebe?" naye akakubali. Akashuka naye mteremko wote, Nanzia akimwonyesha njia, hadi bondeni kwenye shimo la udongo. Akayaona mafiga. Akaona majivu yaliyorundikana ya siku nyingi, maganda ya magimbi, na kigoda kidogo cha mtoto kilichokaa upande ambao moshi hauendi.

"Kumbe unapika," alisema.

"Kila siku, baba."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mliniuliza lini?"

Jioni ile Mzee Kibacha aliwakusanya watu, akasema mbele yao kwamba baraza lilikosea, na kwamba aliyekosea ana jina, naye ni Kibacha. Tangu siku hiyo ikawa sheria Kimbodo: mtoto haondolewi kwao kabla mzazi hajaitwa, akaulizwa na kusikilizwa. Na ikibidi aondolewe kweli, maana zipo nyumba ambazo mtoto haponi, msizifumbie macho, basi anayempeleka ajitaje kwa jina lake. Kisha awe anakwenda kula naye sahani moja, bila kupiga hodi ya kujitangaza, mpaka mtoto arudi kwao au akue.

Mzee Kibacha mwenyewe aliendelea kwenda kwa Mama Semboja, kwa ajili ya wale watoto ambao hawakuwa na kwao pa kurudi. Alikaa palepale nyuma ya nyumba. Kwanza ukoko ukatoweka, halafu maharage yakaingia sufuriani, halafu kuni zikawa za kubebwa na watu wazima. Mama Semboja alilalamika kwamba mzee anamfilisi. Naye akamjibu kwamba hajamwomba kitu, anakula tu na wenzake.

Lakini mimi ninayemsifu zaidi ni Nanzia. Miaka ilipopita alialikwa kukaa barazani, mwanamke wa kwanza. Ikatokea nyumba moja ambamo baba alikuwa akimpiga mwanawe hata mkono ukavunjika. Baba akaitwa, akaulizwa, akasikilizwa. Kisha baraza likaamua mtoto aondolewe. Wazee wakainamisha macho, kila mmoja akingoja mwenzake ajitolee.

Nanzia, aliyejua kuliko wote mkeka mtupu ulivyo, ndiye aliyesimama. "Mkono ni wangu," alisema. Akaenda akambeba yule mtoto mwenyewe, akampeleka kwa walezi, akaondoka mtoto akilia.

Asubuhi yake mtoto aliamka ugenini, hajui aangalie wapi. Akanyata hadi jikoni. Akamkuta Nanzia amekaa chini kwenye jamvi, karibu na mahali alipotengewa yeye, bakuli mkononi, akisubiri uji kama mtoto mwingine yeyote.

Mpeleka mwana hula naye.