Mkia Mwepesi wa Kakakuona

Paukwa!

—Pakawa!

Nani huyo anapiga miayo? Ngano hii haitaki mlalaji. Paukwa!

—Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaajiriana, paliondokea Kakakuona, mama wa mtoto mmoja. Desturi yao mnaijua: mtoto habebwi kwa kanga, hupanda juu ya mkia wa mama, wakaenda. Hatari ikija, mama hujikunja duara, mtoto akabaki ndani, salama.

Ukaja ukame. Kakakuona akamwacha mtoto ng'ambo ya mto kwa bibi yake, akamwambia, "Nikipata kazi nitakuja kukuchukua." Akaenda mji wa Tembo, akapanga chumba jirani na Bi Kobe.

Lakini kila alipotembea, aliunyanyua mkia polepole, kama vile mtoto bado yupo. Jamani, mkia ule ulikuwa mwepesi, na wepesi wake ulimuuma. Akaimba:

*Mkia wangu mwepesi,*
*mwanangu yuko ng'ambo,*
*nani atanirudishia mzigo wangu?*

Siku moja Tembo akapiga mbiu: Kampuni ya Maghala inatafuta wa kuzuia mchwa, wenye nia waje kwenye usaili. Kakakuona akasema, "Kazi yangu hiyo!" Akaenda vivyo hivyo, bila kujiandaa.

Akamkuta Tembo katikati, Twiga kulia, Nyati kushoto. Tembo akanguruma, "Karibu. Wewe ni nani?"

Kakakuona akashtuka, akajikunja duara. Wakangoja. Nyati akamgonga magamba, "Hodi, mama!" Kimya. Wakamviringisha mpaka nje.

Hakupatikana mtu siku ile. Mchwa wakala, Tembo akapiga mbiu tena.

Kakakuona akaenda kwa Kasuku, aliyezoea kusikiliza usaili wote dirishani. Kasuku akamwambia, "Ukiulizwa lolote, jibu: mimi ni mchapakazi, mbunifu, sihitaji kusimamiwa." Kakakuona akakariri njia nzima. Kumbe Kasuku naye anaitaka kazi! Akamtangulia, akayasema yote kwa madaha.

Kakakuona alipoingia na kuanza, "Mimi ni mchapakazi, mbunifu..." Tembo akamkatiza, "Maneno hayo yametoka humu sasa hivi, yana mabawa. Ya kwako yako wapi?"

Akajikunja duara. Wakamviringisha mpaka nje.

Kazi akapewa Kasuku. Akatua juu ya mlingoti wa ghala, akawahutubia mchwa: "Mimi ni mchapakazi!" Mchwa hawakubisha. Waliutafuna mlingoti, ukaanguka na mchapakazi wake. Tembo akamfukuza, akapiga mbiu mara ya tatu.

Kakakuona alikuwa chumbani, amejikunja, analia. *Mkia wangu mwepesi...* Bi Kobe akaingia.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, shoga yangu. Hebu nambie. Mimi nikijificha gambani naona giza tu. Wewe ukijikunja unaona nini?"

"Namwona mwanangu. Najikunja nimfiche."

"Yumo humo?"

Kakakuona akajipapasa tumboni. Kisha akasema, "Hayumo. Yuko ng'ambo."

"Basi unaficha hewa, mwenzangu. Na mtoto anangoja."

Kuanzia hapo Bi Kobe akajifanya Tembo. Akikaza sauti, "Wewe ni nani?" na Kakakuona akianza kujikunja, alimuuliza, "Unamficha nani?" Naye akajikunjua, wakaanza upya. Mchana Kakakuona alienda kulizunguka ghala, akinusa kuta, ajue mchwa wanapitia wapi.

Siku ya usaili ikafika. Tembo akanguruma, "Wewe ni nani?"

Mgongo ukaanza kupinda. Kidevu kikagusa kifua. Akajiuliza, "Namficha nani?" Akajikunjua, akasimama.

"Mimi ni Kakakuona, mama wa mtoto mmoja. Mchwa wenu wanapita ukuta wa nyuma, pale magunia yanapougusa. Ulimi wangu unawafikia. Wakubwa nawaogopa, mmeniona wenyewe. Mchwa siwaogopi."

Twiga akacheka. Nyati akauliza, "Na kwa nini unaitaka kazi hii?"

"Nimemkumbuka mwanangu. Nataka ale. Nataka apande mkia wangu."

Tembo akasema, "Kazi ni yako. Lakini kamlete mtoto kwanza."

Kakakuona akakimbia, akavuka mto, akaita, "Mwanangu!"

Mtoto alikuwa amekua. Alisikia vishindo asivyovijua, akajikunja duara.

"Ni mimi, mama yako." Kimya.

Mama hakumgonga magamba. Hakumviringisha. Alimgeuzia mgongo, akaulaza mkia mchangani, akaimba:

*Mkia wangu mwepesi,*
*mwanangu yuko ng'ambo,*
*nani atanirudishia mzigo wangu?*

Akaimba mpaka sauti ikakauka. Jua likasogea. Ndipo akasikia kucha ndogo, kisha uzito mkiani. Ulizidi ule aliouacha.

"Umekuwa mzito!" akasema, akicheka na machozi yakimtoka. Wakaenda.

Basi, watoto, kujikinga ni akili, lakini ujue unakinga nini. Ukijificha sana, hata bahati ikikubishia hodi huisikii. Na ukiulizwa wewe ni nani, jibu kwa kinywa chako.

Mimi niliwaacha pale ukingoni, mama na mzigo wake, nikaja kuwahadithia. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni mwenyewe.